Kupanga blogu kwa haki: tuhesabu wasomaji wanaorudi, tuache kujumlisha wafuasi na matembeleo

Mleta mada

Heshima kwenu wana jukwaa.

Kila mwaka unapokaribia kwisha husambaa orodha za blogu bora za Tanzania na za Afrika Mashariki kwa jumla, na nyingi kati ya orodha hizo hazielezi zilivyopatikana. Mwandaaji mmoja huwa amehesabu wafuasi wa Instagram, mwingine amechukua makadirio ya tovuti ya kigeni inayodai kujua kila ukurasa unatembelewa na watu wangapi, na wa tatu amejumlisha vyote viwili kana kwamba mfuasi na msomaji ni mtu mmoja. Orodha hizi zingekuwa za kupitisha muda tu, nisingewachosha. Lakini mawakala wa matangazo wa Dar es Salaam na Nairobi huziangalia wanapoamua fedha za mteja ziende wapi, na mwanablogu wa kilimo au wa afya, aliyekusanya wasomaji wake mmoja mmoja kwa miaka, hujikuta hatajwi popote huku ukurasa ulionunua wafuasi ukikaa katika tano za juu. Huo ni uonevu, na unaweza kuondolewa kwa hesabu isiyozidi ya kidato cha nne.

Ninachotetea hapa ni kwamba kipimo kikuu cha blogu kiwe idadi ya wasomaji wanaorudi, kwamba mitandao ya kijamii ihesabiwe kwa wasomaji inaowaleta kwenye blogu na si kwa wafuasi ilionao, na kwamba kanuni nzima itangazwe kabla namba hazijakusanywa. Nitaeleza sababu, kisha nitaweka hesabu ya mfano ili kila mmoja aikague.

Tuanze na vipimo vilivyotangulia, kwa kuwa makosa yake ndiyo tunayoyarudia. Technorati, iliyoanzishwa na David Sifry mwaka 2002, ilipanga blogu kwa kuhesabu ni blogu ngapi nyingine zimeweka kiungo kuelekea kwako katika miezi 6 iliyopita. Njia hiyo ilifaa wakati ambapo wasomaji wa blogu walikuwa wenyewe wanablogu. Haikuifaa blogu ambayo wasomaji wake ni wauguzi, madereva au wanafunzi wasio na blogu yoyote, kwa sababu hawakuwa na mahali pa kuweka kiungo, hata kama walisoma kila siku. Fikirini miaka ile ambapo Ndesanjo Macha alikuwa akiandika blogu ya Jikomboe na Issa Michuzi akaanza blogu yake mwaka 2005: wanablogu wa Kiswahili walikuwa wachache, kwa hiyo hata viungo vya kuhesabiwa vilikuwa vichache, ingawa wasomaji walikuwapo, wengi wao wakiwa ughaibuni. Mwaka 2014 Technorati iliachana kabisa na kazi ya kupanga blogu.

Alexa ndiyo iliyotuathiri zaidi. Ilianzishwa mwaka 1996, ikanunuliwa na Amazon mwaka 1999, na huduma yake ya kupanga tovuti ikafungwa tarehe 1 Mei 2022. Kwa miaka mingi namba ya Alexa ndiyo iliyokuwa cheti cha mwanablogu mbele ya mtoa matangazo. Lakini Alexa haikuwa ikihesabu wasomaji wako. Ilikuwa ikiangalia sampuli ya watu waliosakinisha kiambatisho chake kwenye kivinjari cha kompyuta, kisha ikakadiria dunia nzima kutokana na sampuli hiyo. Msomaji wa Kahama anayefungua blogu kwa simu, akiwa na bando la siku, hakuwa na njia ya kuingia katika hesabu hiyo, wakati mtumishi wa ofisini mwenye kompyuta na kiambatisho alihesabiwa kwa niaba ya maelfu. Waliofaidika ni wenye tovuti waliosakinisha kiambatisho hicho wao wenyewe pamoja na marafiki zao. Mwaka 2019 watafiti waliotengeneza orodha ya tovuti iitwayo Tranco walionyesha kwamba nafasi ya tovuti katika Alexa iliweza kubadilishwa hata kwa ombi moja tu la HTTP, yaani ujumbe ambao kivinjari hutuma kuomba ukurasa, lililotengenezwa kwa kusudi hilo.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani halijadiliwi vya kutosha. Katika kupanga nafasi, kosa la kipimo halina madhara likiwa sawa kwa wote. Iwapo kifaa kinapunguza nusu ya wasomaji wa kila blogu, aliyekuwa wa kwanza anabaki wa kwanza na wa kumi anabaki wa kumi. Madhara huja pale kifaa kinapompunguzia mmoja nusu na mwingine robo, kama Alexa ilivyofanya kati ya wasomaji wa simu na wasomaji wa kompyuta. Kwa hiyo swali la kumwuliza kila anayeleta orodha si kama namba zake ni sahihi kabisa, kwa maana hakuna namba sahihi kabisa katika mambo haya. Aulizwe kama kosa lake limewapata wote kwa kiasi kimoja.

Njia ya kura nayo ipo. Tuzo za BAKE, chama cha wanablogu wa Kenya, zilizoanza mwaka 2012, zimewapa umma nafasi ya kupendekeza blogu na kuzipigia kura, na zimefanya kazi kubwa ya kuwatambulisha waandishi. Ila kura hupima uwezo wa kuhamasisha watu kwa muda mfupi. Ni kipimo halali cha jambo hilo, nami siijadili zaidi kwa sababu mada yangu ni takwimu.

Mleta mada (naendelea)

Sasa mitandao ya kijamii.

Idadi ya wafuasi ndiyo namba rahisi kuiona, na ndiyo maana kila mtu anaitumia. Pia ndiyo namba rahisi kuinunua. Mwezi Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti bandia kwa mkupuo, na akaunti ya Instagram yenyewe ikapoteza wafuasi zaidi ya milioni 18, huku Justin Bieber akipoteza takriban milioni 3.5. Mwezi Julai 2018 Twitter iliondoa akaunti zilizofungwa katika hesabu za wafuasi, na akaunti yake rasmi ikapungua kwa wafuasi milioni 7 na ushei. Mwanzoni mwa mwaka huohuo gazeti la New York Times lilikuwa limeichambua kampuni ya Marekani iitwayo Devumi, iliyokuwa ikiuza wafuasi bandia, na mwaka 2019 kampuni hiyo ilifikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Marekani kwa hukumu ya dola milioni 2.5. Kama akaunti za makampuni yenyewe zilijaa wafuasi wasiokuwapo, hakuna sababu ya kuamini kwamba za kwetu ni safi.

Hata namba zinazotolewa na mitandao yenyewe zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imezidisha wastani wa muda ambao watu hutazama video, kwa sababu iligawa muda wote kwa watazamaji waliozidi sekunde 3 pekee na kuwaacha walioondoka mapema. Huko nyuma kulikuwa pia na Klout, iliyofanya kazi kati ya mwaka 2008 na 2018 na kumpa kila mtu alama moja kati ya 1 na 100 kwa kuchanganya mitandao yake yote. Kuna wakati alama hiyo ilimweka Justin Bieber juu ya Barack Obama, aliyekuwa rais wa Marekani, na Klout ikalazimika kubadili kanuni yake. Alama moja iliyopikwa jikoni pasipo mtu kuonyeshwa viungo vyake haiwezi kutetewa mbele ya anayeilalamikia.

Charles Goodhart, mwanauchumi wa Uingereza, alieleza mwaka 1975 kwamba uhusiano wa kitakwimu hudhoofika mara tu mamlaka inapoanza kuutumia kama chombo cha udhibiti. Wanablogu wanalijua jambo hili kwa vitendo. Kurasa zilipohesabiwa, habari moja yenye picha 20 iligawanywa katika kurasa 20 ili msomaji abofye mara 20. Laiki zilipohesabiwa, vikaundwa vikundi vya WhatsApp vya kupeana laiki. Ndiyo sababu nataka kipimo ambacho kukighushi ni kazi ngumu kuliko kukipata kwa halali, na msomaji anayerudi mwezi baada ya mwezi ni wa aina hiyo.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, nimekusoma kwa makini na nakubaliana na mengi, lakini suala la wafuasi umelichukulia kwa wepesi. Zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni na shilingi 1,000,000 nyingine za mwaka. Wengi wetu hatukuwa na fedha hizo. Wapo waliofunga blogu na kuhamia Instagram na Facebook, na wasomaji wao wakahamia nao. Leo mtu anaandika makala nzima ya maneno elfu moja kwenye Facebook, watu mia tatu wanaijadili chini yake, halafu wewe unasema ahesabiwe kwa wanaobofya kwenda kwenye blogu ambayo hana nguvu ya kuiendesha. Huoni kwamba unamwadhibu mara ya pili?

Mleta mada

Ndugu yangu wa Mwanza, hoja yako ni nzito na inastahili jibu kamili.

Mwandishi unayemweleza ana hadhira ya kweli na anastahili orodha. Orodha hiyo ni ya waandishi wa mitandao ya kijamii, na vipimo vyake vitakuwa vingine: maoni yaliyoandikwa na watu tofauti, machapisho yaliyosambazwa, na uwiano wa mambo hayo kwa idadi ya waliofikiwa. Ukimweka katika orodha moja na mwenye blogu, mmoja wao lazima aonewe. Ukihesabu wafuasi, mwenye blogu ataonewa, na ukihesabu matembeleo ya blogu, ataonewa huyo. Kuwatenganisha ndiko kuwatendea haki wote wawili. Mwenye blogu na akaunti kubwa vilevile aingie katika orodha zote mbili, kila moja kwa namba zake.

Kuna jambo jingine linalounga mkono wasiwasi wako. Sehemu kubwa ya usambazaji wa makala za Kiswahili hupita WhatsApp, na msomaji aliyebofya kiungo ndani ya WhatsApp mara nyingi huingia katika takwimu za blogu kama mtu aliyekuja moja kwa moja, bila alama ya alikotoka. Blogu ya mapishi inayosambazwa na akina mama katika vikundi vya familia itaonekana haina mitandao ya kijamii kabisa. Dawa yake si ngumu. Kitufe cha kusambazia kilichopo kwenye blogu kiweke alama katika kiungo chenyewe, ili anayekuja kwa njia hiyo atambulike. Haitawanasa wanaonakili anwani kwa mkono, lakini upungufu huo utakuwa karibu sawa kwa blogu zote, na nimeshaeleza kwamba upungufu ulio sawa hauharibu mpangilio.

Sasa niweke hesabu niliyoahidi. Namba hizi ni za mfano tu, nimezitunga ili zionyeshe kanuni inavyofanya kazi, na wala si za blogu yoyote iliyopo.

Chukua blogu tatu. Blogu A ni ya habari: ina wageni 400,000 kwa mwezi, wanaorudi ni 80,000, wafuasi wake ni 900,000, na wageni wanaoletwa na mitandao ya kijamii ni 60,000. Blogu B ni ya ufugaji wa kuku: wageni 40,000, wanaorudi 22,000, wafuasi 12,000, wanaoletwa na mitandao 6,000. Blogu C ni ya mtu maarufu: wageni 60,000, wanaorudi 4,800, wafuasi 1,500,000, wanaoletwa na mitandao 9,000.

Ukijumlisha wageni na wafuasi, kama orodha nyingi zinavyofanya, C inapata 1,560,000, A inapata 1,300,000 na B inapata 52,000. Blogu ambayo karibu hakuna anayerudi kuisoma imekuwa ya kwanza, kwa sababu wafuasi milioni moja na nusu wamezimeza namba nyingine zote. Katika jumla ya namna hii, kipimo chenye tarakimu kubwa ndicho kinachoamua peke yake, na vingine vinabaki kuwa mapambo.

Njia iliyo bora ni kuchukua logarithimu ya kila namba kabla ya kuzikutanisha. Logarithimu ya 1,000 ni 3, ya 10,000 ni 4 na ya 100,000 ni 5, kwa hiyo kila unapozidisha kwa kumi unapanda ngazi moja tu, na namba kubwa mno haiwezi tena kuzimeza nyingine. Wastani wa logarithimu ndio wastani wa kijiometri kwa sura nyingine. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilihamia wastani huo mwaka 2010 katika Kielezo cha Maendeleo ya Binadamu, ili nchi yenye kipato kikubwa isiweze kufunika kirahisi udhaifu wake katika afya au elimu. Sisi tunataka jambo lilelile: wingi wa wafuasi usifunike uchache wa wasomaji.

Tuwape wanaorudi nusu ya uzito, wageni wote sehemu 3 katika 10, na mitandao sehemu 2 katika 10. Tukitumia wafuasi kama kipimo cha mitandao, A inapata alama 5.323, C inapata 4.509 na B inapata 4.368. A imekaa mahali pake, lakini C bado iko juu ya B, ingawa wanaorudi B ni zaidi ya mara nne ya wanaorudi C. Sasa toa wafuasi, weka wageni walioletwa na mitandao. A inapata 5.088, B inapata 4.307 na C inapata 4.065. Uzito haujabadilika, wala wageni wala wanaorudi hawajabadilika. Kilichobadilika ni kwamba tumeacha kuuliza ni wangapi waliobonyeza kitufe cha kufuata mwaka juzi, na tumeuliza ni wangapi waliofika kusoma mwezi huu. Kwangu mimi mjadala wote wa haki uko katika mabadiliko hayo.

Mchangiaji, Dodoma

Asante kwa hesabu, nimeirudia na inatoka hivyohivyo. Swali langu ni la msimu. Mimi naendesha blogu ya ajira na matokeo. NECTA wanapotangaza matokeo ya kidato cha nne, au majina ya ajira mpya yanapotoka, wageni wangu huongezeka kupita kiasi kwa siku chache, kisha hurudi walipokuwa. Mwandaaji akichukua mwezi huo nitaongoza nchi nzima, na akichukua mwezi unaofuata sitaonekana. Upi ni mwezi wa haki?

Mleta mada

Mkuu wa Dodoma, hakuna mwezi mmoja wa haki. Zichukuliwe namba za miezi 6 zipangwe kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha uchukuliwe wastani wa zile mbili za katikati. Mwezi wa matokeo utakuwa mwisho wa mstari na hautaamua chochote, wala mwezi ambao uliugua ukashindwa kuandika hautakuangusha. Wastani wa kawaida haufai hapa, kwa sababu mwezi mmoja wa mafuriko huuinua wote. Kwa blogu za siasa ni muhimu zaidi, maana mwaka wa uchaguzi huzifanya zionekane kubwa kuliko zilivyo katika miaka mingine.

Hata hivyo usidhani nawadharau wageni wa msimu. Mzazi aliyefungua blogu yako mara moja kwa mwaka kutafuta matokeo ya mwanawe amepata huduma ya kweli. Ndiyo maana nimebakiza sehemu 3 katika 10 kwa wageni wote, wapya kwa wanaorudi.

Niongeze kwamba mgeni ahesabiwe pale tu alipokaa. Google Analytics ya sasa, programu ya kupima wageni wa tovuti iliyochukua nafasi ya ile iliyoacha kupokea takwimu mpya tarehe 1 Julai 2023, hutambua ziara yenye ushiriki kuwa ile iliyozidi sekunde 10, au iliyofungua kurasa mbili na zaidi, au iliyokamilisha tendo ambalo mwenye tovuti amelitaja kuwa muhimu. Sekunde 10 ni chache, lakini zinatosha kumwondoa aliyebofya kwa bahati mbaya na sehemu ya roboti za kizembe, yaani programu zinazofungua kurasa bila mtu.

Mchangiaji, Ujerumani

Nawasalimu kutoka ughaibuni. Naomba mtufikirie na sisi. Tangu sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data ianze kutumika mwaka 2018, tovuti hutakiwa kutuuliza kama tunakubali vidakuzi vya kupimia, yaani vifaili vinavyowekwa kwenye kivinjari ili kumtambua msomaji, na wengi wetu tunakataa. Tukikataa hatuhesabiwi, au tunahesabiwa kwa makadirio. Blogu inayosomwa zaidi na diaspora haitapunjwa?

Mleta mada

Itapunjwa, ndugu, na huo ndio mfano halisi wa kosa lisilo sawa kwa wote. Linafanana na lingine ambalo nalo lipo: kivinjari cha Safari cha Apple, tangu mwaka 2019, hufuta baada ya siku 7 vidakuzi vinavyowekwa na programu za kupimia ndani ya ukurasa, kwa hiyo msomaji wa iPhone anayekuja kila baada ya wiki mbili huhesabiwa kuwa mgeni mpya kila mara. Vivyo hivyo anayefungua kiungo ndani ya programu ya Facebook leo, na kesho akaifungua blogu ileile kwenye Chrome, huonekana kuwa watu wawili.

Pendekezo langu ni kwamba asilimia ya wanaorudi ipimwe kwa kundi moja linalofanana katika blogu zote, yaani wasomaji wa Chrome kwenye simu za Android walioko Afrika Mashariki, kwa sababu hao ndio wengi na kifaa kinawapima kwa namna moja. Asilimia hiyo kisha itumike kwa wageni wote wa blogu. Kwa idadi ya wageni wa Ulaya, takwimu za seva zitasaidia zaidi, kwa kuwa seva huandika kila ombi bila kujali vidakuzi, ingawa lazima zichujwe roboti kwa uangalifu mkubwa. Ripoti ya kampuni ya Imperva ya mwaka 2025 ilisema asilimia 51 ya mawasiliano yote ya intaneti mwaka 2024 yalitokana na mashine. Seva isiyochujwa itahesabu mashine hizo kama wasomaji wa Kiswahili.

Kuhusu uthibitisho, picha za skrini zikataliwe. Yeyote anayejua kutumia kivinjari anaweza kubadili namba kwenye ukurasa kabla ya kuupiga picha, wala haihitaji utaalamu. Badala yake, mwenye blogu ampe mwandaaji ruhusa ya kutazama tu katika akaunti yake ya takwimu kwa siku chache, bila uwezo wa kubadili chochote, na aongeze ruhusa kama hiyo katika Search Console, ambako namba za waliobofya kutoka Google huhesabiwa na Google wenyewe na ni ngumu zaidi kuchezewa. Mwandaaji achukue jumla pekee, asichukue taarifa za msomaji mmoja mmoja. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022, kwa hiyo suala hili si la hiari. Asiyetaka kutoa ruhusa asiorodheshwe, na orodha iseme wazi kwamba imepanga blogu zilizothibitishwa peke yake.

Baada ya hapo, nafasi zisitangazwe kwa usahihi ambao takwimu hazina. Katika kanuni niliyoiweka, tofauti ya alama 0.05 ni sawa na tofauti ya asilimia 12 hivi katika namba zenyewe, kiasi ambacho kinaweza kutokana na kosa la kipimo tu. Kumwita mmoja wa saba na mwenzake wa nane kwa tofauti ndogo kama hiyo ni kuwagombanisha bila sababu. Ziwekwe katika daraja moja, zipangwe kwa alfabeti ndani ya daraja, na blogu za mapishi zilinganishwe na za mapishi, za habari na za habari. Orodha ya jumla ibaki kwa anayeihitaji, lakini isiwe ndiyo inayopewa kichwa cha habari.

Mchangiaji, Nairobi

Nimefuatilia uzi tangu mwanzo. Kuna tundu moja kwenye kanuni yako. Logarithimu ya sifuri haipo. Blogu isiyo na akaunti yoyote ya mitandao utaipa alama gani? Ukiondoa kipimo hicho na kugawa uzito wake kwa viwili vilivyobaki, nimekokotoa kwamba blogu B ingepata 4.44 badala ya 4.307, yaani ingefaidika kwa kuficha mitandao yake. Ukiweka kiwango cha chini cha kubuni, tuseme wageni 100, B inashuka hadi 3.952 na C inaipita. Njia zote mbili zina kasoro.

Mleta mada

Mkuu wa Nairobi, nimekokotoa na mimi na namba zako ni sahihi. Huu ndio ukaguzi niliouomba.

Kati ya njia mbili ulizozitaja, ya kwanza siitaki, kwa sababu inamfundisha mtu kuficha takwimu. Ya pili inafaa endapo uzito wa mitandao utapunguzwa. Tuwape wanaorudi sehemu 6 katika 10, wageni wote sehemu 3, mitandao sehemu 1, na kiwango cha chini kibaki wageni 100, kikitangazwa kabla ya zoezi. Kwa uzito huo A inapata 5.100. B ikiwa na wageni wake 6,000 wa mitandao inapata 4.364, na isipokuwa na mitandao kabisa inapata 4.186. C inapata 4.038. Blogu ya kuku inapoteza kidogo kwa kutokuwa na akaunti, jambo ambalo ni halali, lakini haipitwi na blogu ambayo inarudiwa na wasomaji 4,800 tu.

Nabadilisha rasimu iwe 6, 3 na 1. Wenye blogu mlio tayari kuijaribu kwa namba zenu za miezi 6, leteni logarithimu za vipimo vyote vitatu (wanaorudi, wageni wote na mitandao) bila kutaja jina la blogu, pamoja na aina ya maudhui yenu, ili tuone kama uzito huu unasimama vilevile kwa blogu za habari, za ajira na za mapishi kabla hatujampelekea mwandaaji yeyote.